Kabla Insha Haijafika Marekani

Msimu wa kuomba vyuo vya Marekani ukikaribia, kuna swali ninaloulizwa kwa sauti ya chini, aghalabu wenzake wakishaondoka: "Mwalimu, ile habari yangu niiandike?" Habari yenyewe ni kwamba anapenda wa jinsia yake. Kazi yangu ni kuwasaidia vijana waliomaliza kidato cha nne hapa Nairobi kunoa insha zao, na kabla sijajibu huwa namuuliza nani mwingine ana insha hiyo.

Anayesubiri KUCCPS, idara ya serikali inayowapangia wanafunzi vyuo vya hapa nchini, hana shida hii. Pale ni alama za KCSE, mtihani wa kidato cha nne, na pointi za kozi, basi. Wamarekani wanataka kisa. Common App, mfumo unaotumiwa na vyuo zaidi ya 1,000, unadai insha ya maneno 250 hadi 650 kuhusu maisha yako. Mtoto aliyelelewa kwa "andika kisa kitakachothibitisha ukweli wa methali" anaambiwa ghafla ajiandike mwenyewe.

Hapo ndipo wanapojitokeza washauri wa mitandaoni wanaofundisha kuuza jeraha. Hukukulia mtaa wa mabanda? Tafuta mateso mengine. Hawa sina subira nao. Wanadhani Marekani nzima ni kitu kimoja. Ni kweli kwamba mwaka 2011 chuo cha Elmhurst, Illinois, kilitangulia wenzake kuweka swali la mwelekeo wa kimapenzi kwenye fomu, la hiari. Lakini nchi hiyohiyo ina Brigham Young University kule Utah, chuo cha kanisa la Wamormoni, ambako kanuni za maadili zinamkataza mwanafunzi mahusiano ya kimapenzi na wa jinsia yake. Ukituma insha moja kwa vyuo kumi bila kujua chuo kipi ni cha nani, unacheza pata potea.

Tena mtu wa udahili ataisoma kwa dakika chache, ahamie nyingine. Watakaokaa nayo miaka ni wa hapa. Sheria tunaijua: kifungu cha 162 cha Kanuni ya Adhabu, kinachotumika dhidi ya ngono ya jinsia moja, kinafika miaka 14 jela, na Mei 2019 Mahakama Kuu ilikataa kukifuta. Februari 2023 Mahakama ya Juu ilipoamua tu kwamba shirika la kutetea haki za wapendao wa jinsia yao lisinyimwe usajili, kelele zilitoka makanisani, misikitini na bungeni kwa pamoja. Hata hivyo kifungu hicho kinahusu tendo, na sijawahi kusikia askari akidai insha ya mtu. Hatari ninayoiogopa mimi iko sebuleni.

Kuna kijana niliyekaa naye kwenye saiba moja ghorofani, Moi Avenue. Insha ilikuwa kwenye Google Docs, na sentensi yenyewe ilikuwa aya ya pili. Tukiwa katikati ya kusoma, juu ya kioo kikachomoza kiduara chenye herufi ya kwanza ya jina la mjomba wake, yule wa Minnesota aliyeahidi nauli. Alikuwa amealikwa kwenye faili hiyo zamani kwa barua pepe yake, amsahihishie Kiingereza. Kijana akafuta aya nzima. Mjomba akaandika pembeni: "Vizuri, punguza, ilikuwa ndefu." Hadi leo hatujui alikuwa ameisoma au la, na historia ya marekebisho ilikuwa palepale kwa yeyote anayejua kuifungua.

Kwa hiyo nikiulizwa, nauliza pia: barua pepe hii ni yako peke yako, au dada yako ana nywila? Nauli na karo zinatoka kwa nani? Chuo kikikukataa, utaendelea kulala nyumba ya nani? Mwenye majibu mazuri na aandike, tena aandike vizuri. Insha bora ya aina hii niliyopata kusoma ilikuwa ya msichana aliyerudishwa nyumbani kutoka bweni kwa tetesi tu. Karibu yote ilikuwa juu ya maandazi aliyokuwa akikaanga na mama yake kila alfajiri, wawili hao wakizungumzia bei ya unga na mafuta, na lile jambo likikaa katikati yao halitajwi. Hakumwomba msomaji huruma hata mara moja.

Asiye na majibu hayo aandike kingine, na asijione mwongo. Hakuna chuo kinachodai maneno 650 yabebe maisha yote ya mtu. Akifika huko atasema akitaka, kwa amtakaye. Ila akumbuke kwamba tangu Juni 2025 Marekani inawataka waombaji wa viza ya masomo waweke wazi kurasa zao za mitandao ya kijamii. Akaunti aliyokuwa ameifunga kwa ajili ya shangazi zake italazimika kufunguka, na shangazi nao wana simu.

Walimu wa shule nao nina neno nao. Mwanafunzi akikuamini na siri hii, usiitie kwenye barua yako ya kumpendekeza ukidhani unamsaidia. Kwenye Common App wengi hukubali kuachia haki ya kuisoma barua hiyo, kwa hiyo hatajua umeandika nini. Na najua nakala yake mara nyingi hubaki kwenye kompyuta ya ofisi, ile ambayo karani, naibu mwalimu mkuu na mwalimu wa zamu wote wanaitumia. Mwite, muulize kwanza.