Kuacha gesi za zamani za friji: tuanzie kwenye chumba baridi, si jikoni

Friji ya kawaida ya nyumbani inayotumia R-134a, mojawapo ya gesi za kupoozea, hubeba gramu 120 hivi za gesi. Ikivuja yote, madhara yake kwa hali ya hewa ni sawa na ya kilo 172 za hewa ya ukaa. Chumba baridi cha bucha au cha samaki chenye kilo 10 za R-404A, gesi nyingine ya kupoozea, bomba lake likipasuka usiku mmoja, kinaachia hewani madhara ya tani 39. Hizo ni friji 228 za nyumbani kwa mpigo.

Tumeanza na hesabu hiyo kwa sababu mjadala wa kubadili gesi huendeshwa kana kwamba mashine zote ni moja. Wanaotaka kasi wanataja joto la dunia, wanaotaka subira wanataja moto na gharama. Kila upande una haki, ila kwa mashine tofauti.

Mkataba unaodai mabadiliko haya ulifikiwa Kigali tarehe 15 Oktoba 2016, kama marekebisho ya Itifaki ya Montreal, mkataba wa kimataifa wa kulinda tabaka la ozoni. Unalenga kundi la HFC, gesi zilizoletwa kushika nafasi ya zile zilizoharibu tabaka la ozoni. HFC haziigusi ozoni, lakini kwa kunasa joto ni kali mno: kwa kipindi cha miaka 100, kilo moja ya R-134a ni sawa na kilo 1,430 za hewa ya ukaa, R-410A ya viyoyozi ni 2,088, na R-404A ni 3,922. Nchi za Afrika Mashariki zimo katika kundi lililopangiwa kusimamisha ongezeko mwaka 2024, kupunguza asilimia 10 ifikapo 2029, asilimia 30 ifikapo 2035, 50 ifikapo 2040 na 80 ifikapo 2045.

Mgao wa nchi, yaani kiasi cha HFC inachoruhusiwa kutumia kwa mwaka, hauhesabiwi kwa kilo za mitungi. Unahesabiwa kwa tani za hewa ya ukaa zinazolingana nazo, na hapa ndipo waagizaji wengi hupitwa. Anayeingiza kilo 100 za R-404A ametumia mgao wa tani 392. Mgao huohuo ungemtosha kuingiza kilo 581 za R-32, gesi nyingine ya viyoyozi, ambayo kipimo chake cha kuongeza joto, kikilinganishwa na hewa ya ukaa, ni 675. Kwa hiyo kila chumba baridi kipya kinachofungwa leo kwa R-404A kinakula mgao wa viyoyozi vya hospitali, shule na ofisi vya miaka kumi ijayo, kwa kuwa kitahitaji kuongezewa gesi hiyohiyo maisha yake yote. Wanaolalamika kuhusu kianzio nao wana hoja: msingi wa hesabu ni wastani wa miaka 2020 hadi 2022, pamoja na asilimia 65 ya msingi wa gesi za HCFC, kizazi kilichotangulia HFC, kama R-22. Miaka hiyo ilikuwa ya korona, na nchi ambayo uagizaji wake ulidorora imeanza safari na kibaba kidogo.

Sasa tuje jikoni, maana huko mabadiliko yameshafika. Friji nyingi mpya madukani zina lebo ya R-600a, yaani isobutani, ambayo kipimo chake cha kuongeza joto ni kama 3 tu. Teknolojia hii ina zaidi ya miaka 30. Friji za kwanza za aina hii zilitoka kiwandani Ujerumani mwaka 1993. Hofu kubwa ni moto, na ni hofu inayopimika. Isobutani huanza kuweza kuwaka ikifika gramu 43 hivi katika kila mita moja ya ujazo wa hewa. Friji yenye gramu 50 ikivuja yote katika jiko la mita za ujazo 20, hewa ikichanganyika vizuri, inapatikana gramu 2.5 kwa kila mita ya ujazo. Hapo hakuna kinachowaka. Lakini gramu 15 zikivujia ndani ya kabati la friji la lita 200, mlango ukiwa umefungwa, zinafika gramu 75 kwa mita ya ujazo, na cheche ya swichi ya taa inatosha. Ndiyo maana friji iliyotengenezwa kwa R-600a huwa na themostati na swichi zilizozibwa au kuwekwa mahali gesi haifiki. Fundi anayeng'oa themostati ya namna hiyo na kufunga yoyote aliyonayo kwenye droo ameondoa kinga pekee iliyokuwepo.

Kosa la pili hutokana na mazoea. Fundi aliyezoea R-134a hujaza gesi huku akitazama geji na bomba la kurudi: sindano ikikaa juu kidogo ya sifuri na bomba likianza kutoa jasho, anafunga. Friji ya R-600a inayofanya kazi sawasawa husoma chini ya sifuri upande wa presha ndogo. Fundi akiona hivyo anadhani gesi ni pungufu, anaongeza. Kwenye friji ya gramu 45, kuzidisha gramu 10 ni zaidi ya asilimia 20. Baridi inaharibika, kompresa inachemka, bili ya umeme inapanda, na lawama anapewa isobutani. Kwa kuwa upande huo una presha ndogo kuliko ya hewa ya nje, tundu likitokea pale hewa na unyevu ndivyo vinavyoingia wakati kompresa inazunguka. Unyevu ukifika kwenye kapilari, bomba jembamba linaloingiza gesi upande wa baridi, unaganda, na friji inapoa kwa muda kisha inaacha.

Kazi inayotakiwa si ngumu, ila haina njia ya mkato. Friji inatolewa mahali penye hewa, na moto wote wa jirani unazimwa, jiko la mkaa likiwemo. Gesi iliyobaki inatolewa kwa mpira hadi nje, mbali na dirisha, kisha mabomba yanapulizwa kwa naitrojeni. Bomba linakatwa kwa kikatio, kamwe si kwa mwali, kwa sababu oili ya kompresa huendelea kutoa isobutani iliyonyonya. Draya, kichujio kinachonyonya unyevu, inabadilishwa kila mfumo unapofunguliwa. Uvujaji unapimwa kwa naitrojeni ya presha ya baa 10 na povu la sabuni. Pampu ya vakyumu inaendeshwa hadi mikroni 500 (kipimo cha vakyumu) au chini yake, inazimwa, na geji inaangaliwa kama inapanda. Baada ya hapo gesi inaingizwa kwa mizani, kwa gramu zilezile zilizoandikwa kwenye lebo.

Mizani, pampu ya hatua mbili, geji ya mikroni, mtungi wa naitrojeni na kifaa cha kunusa hidrokaboni, yaani gesi zinazowaka kama isobutani na propani: hapa wanaotaka subira wanagusa penye kidonda. Karakana nyingi zinavuta vakyumu kwa kompresa kuukuu ya friji. Kompresa hiyo haifiki vakyumu ya kutosha, na rilei yake, swichi ya kuiwasha, hutoa cheche ikiwaka. Bila vifaa, cheti cha semina ya siku tatu hakimsaidii mtu. Fedha za Mfuko wa Pande Nyingi wa Itifaki ya Montreal, unaosaidia nchi zinazoendelea, zipo kwa kazi za namna hii, na tunaona zingefaa zaidi zikinunua mizani za mafundi kuliko kulipia kumbi za hoteli.

Mahali tunaposimama upande wa tahadhari bila kusita ni kwenye viyoyozi vya zamani vya R-22. Propani, yaani R-290, ina presha inayokaribiana na ya R-22, inaelewana na oili yake, inahitaji chini ya nusu ya uzito, na mara nyingi inapunguza umeme. Ndiyo maana inashawishi. Lakini kiyoyozi cha kilo moja ya R-22 kitahitaji gramu 400 hivi za propani. Katika chumba cha mita 3 kwa 3, chenye kimo cha mita 2.5, zikivuja zote zinakuwa gramu 18 kwa mita ya ujazo. Kiwango cha usalama kinachotumiwa na wahandisi ni gramu 8, na cha kuanza kuwaka ni 38. Wastani huo unaonekana kuwa na nafasi, lakini propani ni nzito kuliko hewa. Inashuka, inalala sakafuni kwenye kimo cha godoro na soketi, na pale chini kiwango cha kuwaka kinafikiwa. Mashine ile haikuundwa kwa hilo, na lebo yake bado inasema R-22, kwa hiyo fundi atakayekuja mwakani atawasha mwali wa kuchomelea bila kujua. Gesi ya kupikia ni mbaya zaidi: ni mchanganyiko wa propani na butani usio na uwiano maalumu, una kemikali za harufu na huweza kuwa na unyevu, vitu vinavyomaliza kompresa.

Kiyoyozi kilichoundwa kiwandani kwa R-290 ni jambo jingine. India wanaviuza tangu 2012, vikiwa na gesi kidogo na sehemu za umeme zilizokingwa. R-32, inayojaa madukani, ni hatua ya kati: haiwaki kwa urahisi kama propani, na kiyoyozi cha gramu 700 hubeba madhara ya kilo 473 za hewa ya ukaa badala ya 2,088 za kilo moja ya R-410A. Hata hivyo, kipimo cha 675 kitabana sana mgao utakapopunguzwa asilimia 80.

Kwenye vyumba baridi ndiko tungetaka sheria ikaze mapema. Kwa mitambo mikubwa ya samaki na barafu, amonia haina madhara kwa joto la dunia. Ni sumu, na inakula shaba hivyo mabomba yake ni ya chuma, lakini harufu yake humtahadharisha mtu mapema. Kwa vyumba vidogo, kiwango cha kimataifa cha friji za biashara kilipandishwa mwaka 2019 kutoka gramu 150 za hidrokaboni hadi karibu 500 kwa kila mzunguko wa gesi ndani ya mashine, hivyo mashine mbili au tatu za R-290 zinaweza kufanya kazi ya moja ya R-404A. Hewa ya ukaa yenyewe, R-744, hupigiwa debe Ulaya. Pwani yetu ina kizingiti: juu ya nyuzi 31 haigeuki tena kuwa kimiminika kwenye kondensa, sehemu inayotoa joto nje, na Mombasa au Dar es Salaam joto la mchana hupita hapo miezi mingi. Mtambo unalazimika kufanya kazi kwa presha ya baa 90 na zaidi, na umeme unapanda usipowekewa vipuri vya ziada vya bei kubwa. Nyanda za juu, Nairobi au Mbeya, hesabu yake ni nafuu.

Kuna hatari inayokuja na uhaba wowote, nayo ni gesi bandia. Mwaka 2011 makontena ya baridi yalijazwa R-134a iliyochanganywa na kloridi ya methili. Kemikali hiyo iliposhikana na aluminiamu ilizalisha kitu kinachowaka kikigusa hewa tu. Kompresa zililipuka na watu wakafa. Mgao ukibana bila ukaguzi wa mitungi bandarini, mlango huo unafunguka tena.

R-22 yenyewe inafika mwisho mwaka 2030, ikibaki asilimia 2.5 ya msingi kwa mwaka, kwa wastani, ya kuhudumia mashine zilizopo hadi 2040. Mwenye kiyoyozi cha R-22 kinachofanya kazi hana haja ya kukitupa leo. Atafute tundu na kuliziba kabla ya kuongeza gesi, maana kujaza kila Desemba mfumo unaovuja ni kununua kilo ileile mara tatu. Gesi ikibidi itolewe, ihamishiwe kwenye mtungi wa kukusanyia badala ya kuachiwa hewani, kwani hata R-22 ina kipimo cha 1,810. Kompresa ikifa, asinunue nyingine ya R-22. Anunue mashine mpya ya R-290 kama yupo fundi wa kuihudumia mjini kwake, au ya R-32 kama hayupo.