Mazoezi ya spidi yalivyonifikisha Simu 2000

Jamani mimi hii mbio ya kilomita 21 ya Kilimanjaro Marathon niliilipia kwa kuona picha za watu na medali zao, kile kipanda cha kwenda Mweka wala sikukifikiria. Kwenye grupu letu la joging kocha akasema nyie wapya mwendo wa taratibu mmeshauzoea, sasa anzeni spidi kidogo, mara moja tu kwa wiki: kimbiza nguzo 2 za taa, jogi nguzo 3, rudia mara 8. Ukiona bado unaweza kutamka sentensi nzima ujue hapo hujakimbia. Hiyo sentensi ndo iliyoniponza.

Jumanne saa 12 asubuhi niko barabara ya Sam Nujoma, Dar, natokea Mwenge. Raundi za kwanza nikazimaliza kwa nguvu zote, wapya ndo zetu hatuweki akiba. Ya tano imenikuta karibu na kituo cha Mlimani City, mbele yangu daladala ndo inaondoka. Konda kaona mtu anakuja mbio kifua mbele mdomo wazi, akagonga bodi, "Suka subiri, kichwa hicho!" Gari ikasimama. Ndani watu wanapiga kelele wahi kaka wahi, mama mmoja kasogeza mpaka beseni lake la ndizi nipate pa kukanyaga.

Nilitaka kusema mimi nafanya mazoezi. Kilichotoka ni "mi... maz..." Konda akasema pole braza pumua kwanza, akanishika kwapa, huyooo ndani.

Sasa gari zima limekusubiri wewe, utashukaje? Nikashika bomba, jasho linamdondokea mzee aliyekaa pale chini yangu, naye anahamisha goti kidogo kidogo kama anakwepa bati linalovuja. Nauli sina, mfuko wa bukta una funguo tu. Pumzi inarudi tuko stendi ya Simu 2000, nikajieleza, konda akaniangalia juu mpaka chini: "Kwa hiyo ulikuwa huendi popote?" Mama wa ndizi ndo akanilipia, akanipa na ndizi moja, "kula baba, unaonekana una mawazo."

Saa ya mkononi sikuizima. Kilomita ya 3 imesoma dakika 2 na sekunde 9. Noah Ngeny wa Kenya mwaka 1999 aliweka rekodi ya dunia ya mita 1000 kwa 2:11.96, mi nimempita nimeshika bomba! Saa ikayatuma yenyewe matokeo kwenye grupu, sijakaa sawa kocha kajibu: "Safi sana. Wiki ijayo nguzo 4."