Huruma Inayomchosha Anayeuguza

Najua si wote watakaolipenda hili, lakini nitalisema: mgonjwa akiwa mahututi, sisi watu wema tunaichosha familia yake kuliko tunavyodhani. Nia yetu ni njema. Tunapiga simu, tunatuma ujumbe, tunajaa kwenye korido, tunalia. Mwishowe mke wa mgonjwa, ambaye usingizi ameshausahau, ndiye anayetubembeleza sisi.

Itazame simu yake tu. Inaita akiwa kando ya kitanda, anatoka nje kupokea. "Anaendeleaje?" Anaanza kusimulia: alivyoanguka, walivyomkimbiza hospitali, alichosema daktari, kwamba sasa yuko kwenye mashine ya kupumulia. Hajarudi hata kukaa, inaita tena. Safari hii ni shemeji, naye anataka kusikia tangu mwanzo, tena ana kinyongo kidogo kwamba hakuambiwa mapema. Habari ile ile inayomchoma moyo anairudia kwa sauti ya kujikaza, na kila anayepiga anaamini kwamba amemfariji.

Ndiyo maana ukiniuliza rafiki aanzie wapi, nitakujibu: ichukue kazi hiyo. Kaa naye dakika chache, muulize nani wapewe taarifa, useme nini na nini usikitaje. Kisha jioni tuma ujumbe mmoja kwa wote: "Leo hakuna mabadiliko makubwa. Bado yuko kwenye mashine, madaktari watazungumza na familia kesho. Tunaomba msipige simu usiku huu. Dua zenu zinawafikia." Basi. Asiyeridhika akupigie wewe.

Sehemu ya yasiyotajwa ndiyo nyeti zaidi. Mtu hapotezi siri zake kwa sababu amepoteza fahamu. Jina la ugonjwa, chanzo chake na deni la hospitali ni vya familia kutangaza, au kutotangaza. Na wale wanaompiga picha mgonjwa mwenye mirija puani ili waziweke mtandaoni wakiomba dua, kwangu hawana utetezi wowote. Hajaulizwa, wala hawezi kukataa.

Mwaka 2013, mwanasaikolojia Susan Silk na mwenzake Barry Goldman waliandika katika gazeti la Los Angeles Times kanuni ninayoitumia mara nyingi. Chora duara dogo, andika ndani yake jina la mgonjwa. Lizungushie duara la watu wake wa karibu kabisa, kisha la ndugu wengine, kisha la marafiki, na kuendelea. Faraja ielekee ndani, malalamiko yaelekee nje. Rafiki anayemwambia mke wa mgonjwa, "Mimi hata kula siwezi kwa mawazo," amegeuza mwelekeo. Inawezekana kweli hawezi kula. Amwambie mtu mwingine.

Kauli ya "mkihitaji chochote mtuambie" nayo sina hamu nayo. Inamtaka mtu aliyechoka afikirie anahitaji nini, achague wa kumwomba, kisha aone haya kuomba. Mwandikie hivi: "Kesho nitawachukua watoto shuleni na nitakaa nao mpaka urudi. Kama haifai niambie." Ukishasema, nenda. Na hao watoto usiwahoji habari za baba yao. Wasaidie hesabu zao, wacheze, wakitaka kuuliza watauliza.

Hospitalini kuna mahali ambapo rafiki anafaa kuliko maua, ambayo vyumba vingi vya wagonjwa mahututi haviyaruhusu hata hivyo. Ni pale daktari anapoita familia. Mtu mwenye hofu husikia neno moja zito, na yote yanayofuata yanampita. Familia ikiridhia, ingia na daftari. Andika alichosema daktari, dawa iliyobadilishwa, na swali ambalo limebaki bila jibu. Usibishane naye, wala usitoe kisa cha jirani aliyepona kwa mizizi.

Ukiruhusiwa kuingia kwa mgonjwa, nawa mikono, na kama una mafua baki nyumbani. Mashine zitalia. Mara nyingi ni kifaa cha kidoleni kimelegea, na wauguzi wanajua mlio upi wa kuukimbilia, kwa hiyo usiwe mtu wa kushtuka kwa sauti na kutafsiri namba za kwenye skrini. Ongea na mgonjwa kama kawaida hata akiwa amelazwa kwa dawa za usingizi. Wapo waliopona wakasimulia waliyoyasikia. Mambo ya gharama na mirathi yazungumzwe kwingine.

Usimwahidi mtu kwamba mgonjwa wake atapona. Huenda daktari amemweleza mengine asubuhi hiyo hiyo, na ahadi yako itamfanya aifiche hofu yake ili asikuvunje moyo.

Jambo jingine ni muda. Polio, ugonjwa unaoweza kupooza hata misuli ya kupumua, ilipoivamia Copenhagen, mji mkuu wa Denmark, mwaka 1952, mashine za kupumulia zilikuwa chache mno. Daktari Bjørn Ibsen akaanzisha utaratibu wa kuwasukumia wagonjwa hewa kwa mkono, na wanafunzi wapatao 1,500 walipokezana kwa zamu, mchana na usiku, wakiminya mfuko wa hewa. Mwaka uliofuata ndipo kikaanzishwa kile kinachohesabiwa kuwa kitengo cha kwanza cha uangalizi maalumu. Hakuna mwanafunzi ambaye angeweza kuminya peke yake mpaka mgonjwa apone. Sisi wiki ya kwanza tunajazana wote, ya tatu hayupo mtu. Afadhali watu wanne wagawane siku.

Hata mgonjwa akiruhusiwa, shughuli haijaisha. Tunaandika "Mungu mkubwa" halafu tunatawanyika, wakati nyumbani kuna mtu ambaye misuli imeisha, usingizi unamkataa na kumbukumbu zinamponyoka. Mwaka 2012 wataalamu wa wagonjwa mahututi waliyapa matatizo haya jina moja, na wakakiri kwamba familia nayo hubaki na wasiwasi na sonona. Mwaka mzima unaweza kupita kabla mambo hayajatulia. Kwa hiyo ukipiga simu miezi mitatu baadaye, usianze na hali ya mgonjwa. Muulize rafiki yako yeye analalaje, umwache aongee, hata akianza kumlalamikia mgonjwa mwenyewe kwamba amekuwa mkali na kila kidonge ni ugomvi. Usimwambie ashukuru yuko hai. Anashukuru, ila amechoka, na ndani ya nyumba ile hana wa kumwambia.