Bushi zikazwe gari likiwa chini

Kauli ya "gari limechoka" inanikera. Watu wanaitamka haraka mno, na mara nyingi anayeitamka hajainama hata mara moja kuangalia chini ya gari lenyewe.

Corolla yangu ni ile ya toleo la 110, ya mwaka 1998, na imeshatembea zaidi ya kilomita 287,000. Mwaka juzi ilianza kugonga mbele, upande wa kushoto. Nikikanyaga breki taratibu kwenye foleni ya Kimara, ko! Nikirudi nyuma nikashika breki, ko! Barabara kuu ndiyo ilikuwa taabu zaidi. Ukishapita Kibaha na kasi ikafika 80, usukani hautulii, kila mara unaurudisha, kama mtu anayevuta kamba ya mbuzi asiyetaka kwenda. Ukishuka Chalinze mabega yanauma. Jirani mmoja akanishauri niliuze kabla halijanifia. Fundi wa kwanza akasema ni shokapu. Tukabadilisha zote mbili za mbele, fedha ikaenda, mlio ukabaki palepale. Akasema basi ni bushi za mikono ya chini, yaani vile vipira vya kwenye maungio ya vyuma vinavyoshikilia tairi, na hapo alisema kweli. Tukanunua bushi mpya, akafunga, gari likanyamaza. Nikafurahi. Mwezi wa tano tangu zifungwe, ko! ikarudi.

Hapo ndipo nilipopelekwa kwa mzee mmoja mwenye gereji ndogo Ilala, shimo moja na mwembe mmoja.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Lina nini?"

Nikamweleza yote. Hakuuliza spea nilinunua wapi wala kwa shilingi ngapi. Aliuliza kitu kimoja tu: "Aliyekufungia, nati alizikaza gari likiwa juu au likiwa chini?"

Nikakumbuka. Likiwa juu. Tairi zilikuwa zimelazwa pembeni, mimi nimekaa kwenye moja wapo nikinywa soda, naye anakaza kwa nguvu zake zote huku mikono ya gari ikining'inia.

Mzee alifungua mkono wa kushoto, akaniwekea bushi kiganjani. Ni kitu kidogo. Kuna bomba la chuma kwa nje, bomba jingine jembamba kwa ndani ambamo bolti inapita, na katikati yake mpira ulioshikamanishwa na vyuma vyote viwili tangu kiwandani. Hii yangu ilikuwa bado nyeusi ya upya, maandishi yake yanasomeka. Lakini upande mmoja mpira ulikuwa umechanika, ufa wa nusu duara, na bomba la ndani limeegemea kando. Nikaingiza ukucha, ukazama wote. Ilikuwa na miezi mitano tu na haifai tena.

Wengi wetu tunadhani bushi inazunguka kwenye bolti, kama bawaba ya mlango. Haizunguki. Bolti ikishakazwa, lile bomba la ndani limebanwa na halisogei tena. Tairi likipanda tuta au likizama shimoni, mkono unapanda na kushuka, na kinachopokea mwendo huo ni mpira, unajisokota kidogo huku na kidogo kule. Ndiyo kazi yake, na umetengenezwa uifanye kwa miaka mingi. Sharti lake ni moja: gari likiwa limesimama tu, halibebi mtu, mpira uwe umetulia, haujasokotwa upande wowote.

Sasa nyanyua gari kwa jeki. Tairi linaning'inia, mkono unashuka mpaka mwisho wake. Ukikaza bolti katika hali hiyo, umeuambia mpira kwamba kituo chake ni hapo chini. Kisha unashusha gari, uzito unaingia, mkono unapanda, na mpira unasokotwa kabla hata hujageuza ufunguo. Gari linalala uani usiku kucha huku bushi zimekamuliwa kama kanga mbichi. Asubuhi unakutana na tuta la kwanza, mpira unakamuliwa zaidi. Mpira wowote hautavumilia hayo, uwe wa bei kubwa au ndogo. Tunailaani spea ya Kariakoo kwamba ni feki, na zipo feki kweli, lakini nina hakika bushi nyingi nzima zimeuawa na spana siku ileile zilipofungwa.

Namna mzee alivyofanya nimeikariri. Alirudisha mkono ukiwa na bushi mpya, akafunga bolti mpaka ziliposhika, hakukaza. Akafunga tairi, akashusha gari, akalisukuma mbele na nyuma hatua chache, akaegemea boneti mara tatu ili likae panapokaa siku zote. Ndipo akaliingiza juu ya shimo, limesimama kwa tairi zake nne, akashuka na spana yake ya kupimia nguvu. Bolti zikakazwa hapo. Nilitazama saa, kazi hiyo ya mwisho haikufika dakika ishirini. Na hapa niseme jambo: yale mashimo ya zamani tunayoyadharau tukiona gereji yenye lifti ya kisasa, kwa kazi hii ni mazuri kuliko lifti inayobeba gari kwa tumbo na kuacha tairi zikining'inia. Pasipo shimo, fundi aweke gari kwenye stendi imara, kisha jeki aiweke chini ya mkono, karibu na boljointi, kile kiungo cha upande wa tairi, anyanyue mpaka gari lianze kuachana na stendi kidogo sana. Hapo mkono uko mahali pake, akaze. Asiingie mtu chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja, hata akisema amezoea.

Fundi wangu wa kwanza sina kinyongo naye. Alijifunza kwa kumwangalia aliyemtangulia, naye alikaza hewani. Na sisi wenye magari tunachangia sana. Tunasimama juu ya kichwa cha mtu, "bado tu?", tunapunguza bei ya ufundi mpaka inakuwa ndogo kuliko nauli ya kuifuata spea, halafu tunategemea atumie dakika ishirini za ziada kwa kitu ambacho hatuwezi kukiona. Mimi sasa nalipia hizo dakika. Nasema mapema kabla jeki haijaguswa: kukaza kwa mwisho ni gari likiwa chini, na bei ya kazi hiyo imo.

Kuna na suala la kutoa bushi ya zamani. Nimeona mkono ukiwekwa kwenye moto wa gesi mpaka mpira ushike na kutoa moshi mweusi, kisha bushi mpya inagongwa kwa nyundo na kipande cha bomba. Moshi ule unavutwa na kijana aliyeinama hapo kila siku, na bushi iliyoingia kwa nyundo mara nyingi imeingia upande au imejikunja ukingo. Presi, mashine za kukandamiza, zipo, kwa wachonga vyuma wa mjini wanapachika kwa dakika chache na malipo ni madogo. Kuhusu zile bushi zenye matundu kwenye mpira, matundu yake yana uelekeo maalumu. Weka alama ya chaki kwenye mkono kabla ya kutoa ya zamani, vinginevyo itaingia imegeuka na gari litagonga likiwa na spea mpya.

Watu huniuliza kuhusu mikono ya mtumba kutoka Japani. Nawaelewa, chuma chake ni cha asili na kimepangika sawasawa. Lakini mkono uliotolewa kwenye gari la mwaka 1999 una mpira wa mwaka 1999, kama haukubadilishwa huko. Mpira unazeeka hata ukikaa rafuni, kwa joto na kwa hewa tu. Nunua mkono wa mtumba kwa ajili ya chuma, kisha upachike bushi mpya. Zile bushi ngumu za rangi nyekundu au njano, wanazoziita poli, haziharibiwi na oili na zinadumu, ila zinaleta kila kokoto mpaka kwenye kiti, na zisipopakwa grisi yake zinalia. Kwa gari linalobeba watoto kwenda shule, mimi nabaki na mpira.

Halafu dizeli. Kuna sehemu za kuoshea magari ambako wakimaliza wanapuliza dizeli au oili chafu chini ya gari ili ling'ae na lisipate kutu. Kataa. Mpira ukinywa mafuta unavimba, unalainika, unaanza kumenyeka. Kwangu mimi bushi ya kulia ya kwanza kabisa, ile iliyokuja na gari, ilikuwa imelowa oili iliyokuwa ikivuja kwenye injini, na nilipoibonyeza kwa kidole ilibonyea kama tende.

Ukitaka kujua za kwako zikoje, huhitaji mashine. Tazama tairi za mbele kwa ndani, upande usioonekana ukisimama. Zikiwa zimelika ndani huku nje bado zina kashata, kuna kitu kinacheza. Kisha fundi aingize mtaimbo mfupi kati ya mkono na fremu, abinue polepole, nawe uangalie bushi kwa tochi. Mpira mzima unasogea kidogo na kurudi. Uliokufa unafungua mdomo. Na ukishabadilisha, pitia kwa wa alaimenti, anayenyoosha mkao wa tairi, siku hiyohiyo, maana tairi zilikuwa zimezoea kukaa ovyo na sasa zimerudishwa mahali pengine. Bushi mbili ni bei ndogo sana ukilinganisha na tairi moja, nami nimeshanunua tairi mbili kwa ujinga wa kuchelewa.

Tangu mzee akaze zile bolti imepita miezi kumi na minne. Wiki iliyopita nilikwenda Morogoro na kurudi, usukani umetulia, breki kimya. Kilichobaki ni nyuma, ambako Corolla hii ina mikono mitatu kila upande na kila mkono una bushi kichwani na mwishoni, jumla 12. Zote ni za tangu 1998, na bolti zake zina kutu ya kweli, kwa hiyo tangu Jumatatu kila jioni nalala kwenye mkeka na kuzipulizia dawa ya kutu. Mzee amesema nifike Jumamosi saa moja asubuhi, kabla shimo halijachukuliwa na mwingine.