Fagio la skuli alishike nani?

"Nimempeleka mwanangu akasome, sikumpeleka akafagie." Lalamiko hili la wazazi si la kupuuzwa. Kwenye skuli ya mikondo miwili muda ni mdogo: wa asubuhi hawajatoka vizuri, wa jioni wameshajaa barazani. Dakika za kufagia zinamegwa kwenye hesabu.

Wanaotetea usafi wa wanafunzi hukimbilia mfano wa Japani, ambako watoto husafisha madarasa na korido kwa ratiba. Hatuna haja ya kwenda mbali hivyo. Elimu ya Kujitegemea ya Mwalimu Nyerere, mwaka 1967, ilitaka kazi iwe sehemu ya masomo. (Najua, elimu ya skuli Zanzibar si jambo la Muungano, ila fikra hazikatiwi tiketi ya boti.) Huko Bara, skuli nyingi jembe likaishia kuwa adhabu.

Na kwetu je? Tazama nani anayepelekwa kusafisha choo: aliyechelewa, aliyepiga kelele. Mtoto huyo anajifunza kwamba uchafu ni wa wakosaji. Siku asipokosa atauruka apite zake. Tena wasichana ndio wa ndoo na kupiga deki, wavulana wanapewa mapanga wakate majani, wakimaliza wanakwenda kwenye mpira. Uraia gani huo?

Hata hivyo mimi nipo upande wa fagio. Hiyo mikondo miwili inayolaumiwa ina somo lake: dawati moja lina wenyewe wawili wasiojuana. Wa asubuhi akiacha maganda ya karanga na vifuko vya ubuyu, mwenzake wa jioni ndiye atakayevikalia. Kwa hiyo wafagie wanaotoka, si wanaoingia, kisha monita wa pande zote mbili wakabidhiane chumba: madawati, ubao, na fagio la chelewa nyuma ya mlango. Dakika kumi zinatosha. Skuli mpya za ghorofa zikiondoa mkondo wa pili, basi madarasa yakabidhiane uwanja.

Choo ni habari nyengine. Choo cha mamia ya watoto, mfereji hautoi maji, kinataka mtu mzima anayelipwa, mwenye glovu na dawa.

Na mwalimu wa zamu naye ainame aokote. Akisimama pale na bakora yake kuwasimamia, bora aajiriwe mfagiaji, na wale wazazi wapewe haki yao.