Nakala Moja ya Mtaa Mzima

Nauza misumari. Nasema mapema ili asije mtu akadhani naishi kwa kalamu. Duka langu liko mtaa wa Langoni, Lamu, na ndani mna misumari ya kila inchi, kamba, pamba ya kalafati, rangi za mashua na brashi. Riwaya yangu iko rafu ya juu, kati ya mkebe wa vanishi na boksi la bawaba. Watalii huipiga picha. Wenyeji huitazama, wakaguna kwa heshima, kisha wakaomba niwapunguzie bei ya bawaba.

Na Lamu ukishatoa kitabu, jina lako limekwenda. Zamani nilikuwa baba fulani, mtoto wa fulani. Sasa mimi ni Mwandishi, hata mwenye punda akinikuta uchochoroni hapigi kelele za kawaida za kutaka njia, husema, "Jibanze ukutani, Mwandishi, punda ana mchanga." Na kila anayeingia kununua robo kilo ya misumari ya inchi tatu lazima aulize, "Ile ya pili yatoka lini?" Ya pili! Wallahi, atakayeniuliza tena nitamfunga kamba, na kamba ninayo.

Ya kwanza yenyewe mnajua ilivyotoka? Mswada niliupeleka Nairobi kwa mkono wangu, ukakaa miezi kumi na minne. Mke wangu akanituliza kwamba huenda wanausoma taratibu wapate utamu. Jibu lilipokuja, mhariri alikuwa kijana mwenye adabu sana na shahada mbili, ila Kiamu, lahaja yetu ya Lamu, hakijawahi kumpitia sikioni. Mimi Kiswahili cha shuleni nakijua, lakini mtu wa Lamu akilia ndani ya riwaya yangu nataka alie kwa lugha ya mamake. Nikaandika: "Mato yake yalijaa machozi." Mato, yaani macho. Akanisahihishia: "Mito yake ilijaa machozi." Kwa hiyo ukurasa wa tisa binti wa watu ameachwa na mchumba, na msomaji badala ya kumhurumia anabaki kujiuliza kama mito hiyo ni ya kulalia au ya mamba.

Mbele kidogo mamake anamwita, "Ndoo!" Pembeni, kwa wino mwekundu: "Ndoo hii imetoka wapi? Haijatajwa hapo awali." Nikampigia simu nikamweleza kwamba ndoo ni njoo, kama vile ndia ni njia na ndaa ni njaa. Akanyamaza, nikasikia anaandika. Tukafika pale bintiye anapotia chuo mkobani. Chuo kwetu ni kitabu, ndivyo wazee walivyosema tangu na tangu. Kijana wangu alikuwa ameuliza: "Chuo gani? Cha ualimu?" Tukapatana kama wauza samaki. Mimi nikabaki na mato, yeye akachukua ndoo, chuo tukakigawa.

Haya, pesa. Taarifa ya mrabaha huja mara moja kwa mwaka, kama Maulidi, ila haina matari. Kitabu ni shilingi 600, changu asilimia kumi, yaani 60. Mwaka wa kwanza ziliuzwa nakala 213, ikawa shilingi 12,780. Serikali ikazuia asilimia tano yake, 639. Halafu kulikuwa na nakala 30 nilizochukua kwa bei ya mwandishi, 360 kila moja, jumla 10,800. Zikabaki shilingi 1,341. Nilimwonyesha mke wangu ile karatasi. Akaisoma akaigeuza nyuma, akauliza, "Kwa mwezi?"

Msiniulize zile 30 zilikwenda wapi. Zilikwenda kwa neno moja: "Nipe nami yangu." Jamaa wote wanaamini mwandishi huletewa vitabu vyake bure, kama mvuvi aliye na samaki. Nikawapa, nikatia saini, na saini ndiyo iliyoharibu mambo. Kitabu chenye saini hakisomwi. Kimewekwa kabatini pamoja na sahani za kaure, ndani ya nailoni, na mtoto akikisogelea anapigwa kofi. Na wale wasio jamaa hulalamika bei, wananitazama mimi kana kwamba ndimi niliyetia kodi ya asilimia 16 kwenye vitabu. Kodi hiyo ililetwa na sheria ya mwaka 2013. Mimi mwaka huo nilikuwa sura ya pili, nahangaika na mato ya binti.

Mchapishaji naye ana dawa moja kwa maradhi yote: andika kitabu cha shule. Kikiteuliwa kutahiniwa, umepona. Nikamwuliza riwaya yangu ina kasoro gani. Akasema haina kasoro, ila mhusika mkuu anavuta sigara na hakuna maswali ya marudio.

Lakini haya yote ningeyavumilia. Kinachonimaliza ni kuombwa ushauri. Mtu akishajua unaandika, anakugeuza duka la dawa: anasimama mbele ya meza, anataja tabu yake, anataka umtajie kitabu. Nami nina udhaifu, nikiulizwa kitabu kizuri siwezi kunyamaza. Nikasema afadhali niandike orodha niibandike mlangoni, niuze misumari kwa amani.

Kosa kubwa.

Wa kwanza alikuwa nahodha mmoja, mtu wa makamo. Nilimwazima Kiu ya Mohamed Suleiman Mohamed, ya mwaka 1972, kwa sababu naipenda jinsi inavyofichua tamaa ya pesa ikijifanya mapenzi. Baada ya wiki akairudisha. "Mwandishi, nimesoma kurasa sitini, sijaona mtu aliyeomba maji." Kijana wa pili nikamwambia asome Peponi, tafsiri ya 2022 ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah, yule mzaliwa wa Unguja aliyepata Nobel mwaka 2021. (Nobel hiyo imeniletea taabu yake. "Yule wa Unguja kapata, wewe wangoja nini?" Wanaiuliza kama zamu ya maji ya bomba.) Kijana akaitikia vizuri, akatoka mbio. Jioni akarudi, miguu imejaa mchanga mpaka magotini. Alikuwa amekwenda Shela, kwenye hoteli yenye jina hilo. "Nimefika Peponi, Mwandishi. Sasa nisome nini?"

Jirani yangu kinyozi nilimpa Mzimu wa Watu wa Kale, ya Muhammed Said Abdulla, iliyotoka mwaka 1960. Yule Bwana Msa na kiko chake, akitatua mauaji bila kutoka jasho. Wiki ileile kuku wa kinyozi akapotea. Tangu hapo mtu hanyolewi bila kuhojiwa. Ameshika wembe, ameniinamisha kichwa, anauliza taratibu kabisa, "Jumanne baada ya Isha ulikuwa wapi?"

Hata hao si kitu mbele ya hamali. Katoni yangu ya vitabu ilikuja kwa basi mpaka Mokowe, ikavuka kwa boti ikiwa imekaliwa na mama mmoja mwenye gunia la viazi, na pale gatini akaichukua hamali mmoja kwa shilingi mia. Njiani akaniuliza mna nini ndani, nikamwambia. Akasema anapenda kusoma. Moyo wangu ukayeyuka! Nikampa Kuli ya Adam Shafi, nikamweleza kwamba ni habari za wachukuzi wa bandari ya Unguja na mgomo wao wa mwaka 1948. Aliisoma mara mbili. Sasa katoni ni mia mbili, na wenzake wote wamepandisha, na kila nikilalamika ananijibu kwa upole, "Wewe ndiye uliyetusomesha, Mwandishi."

Nyumbani nilijaribu mara moja tu. Nilimwambia mke wangu, kwa nia njema, kwamba ingefaa tuurejee Utendi wa Mwana Kupona, urithi wetu wa 1858, mama akimuusia bintiye namna ya kumtunza mume. Akaweka mwiko chini. Kumbe utendi wote alishaushika kwa moyo kutoka kwa bibi yake, beti zaidi ya mia moja, kabla mimi sijajua kushika kalamu. Akanighania nusu saa bila kukosea, akamaliza kwa kunikumbusha kwamba mumewe Mwana Kupona alikuwa Bwana Mataka, mtawala wa Siyu. "Wewe unatawala wapi?" Nikasema nakwenda kufungua duka. Ilikuwa saa tatu usiku.

Sasa niwaambie la nakala moja.

Shangazi yangu, wa tumbo moja na marehemu baba, ndiye mtu pekee mtaani petu aliyenunua kitabu changu. Alikataa cha bure. Alihesabu noti za shilingi mia sita kwa kulamba kidole, akasema, "Mwanangu, kazi ya mkono hulipwa." Nililia. Mato yangu yalijaa, na mnajua ninavyosema. Kwa kuwa alikinunua, hakikuwa na saini. Na kwa kuwa hakikuwa na saini, kilisomeka. Alikimaliza siku nne, akamwazima jirani wa ukuta kwa ukuta, naye akamwazima wifi yake, kikavuka Mkomani, kikarudi, kikaenda Matondoni na fundi wa mashua. Mwaka mzima watu wananisimamisha baada ya sala kunipa pongezi. "Mtaa mzima tumekusoma!" Mtaa mzima, shilingi 60.

Mwezi uliopita ndipo nilipokiona tena. Kilikuwa kimenenepa. Kilikuwa na alama ya kikombe cha kahawa kwenye jalada, hina ukurasa wa 40, mafuta ya halwa ukurasa wa 112 pale penye mapenzi, na hesabu za kugawanya za mtoto wa darasa la tano, zote makosa. Mtu fulani alikuwa amepita na kalamu ya risasi akirudisha kila "njoo" kuwa "ndoo". Mungu ambariki. Nikafika mwisho nikakuta hakuna mwisho. Karatasi mbili za nyuma zimekwenda.

Nikaanza uchunguzi kama kinyozi. Ilikuwa nyumba ya tatu. Mvua ilinyesha, mtaro ukajaa, na kijana wa nyumba akaunda majahazi mawili ya karatasi akayashindanisha na wenzake. La kwake lilishinda, aliniambia kwa fahari. Nyumba ya tatu! Ina maana nyumba zote zilizofuata, na Mkomani yote, na Matondoni, hawakuusoma mwisho wangu. Basi walikuwa wakinisifia nini?

Walikuwa wakimsifia shangazi. Watu walipofika ukurasa wa mwisho uliobaki walikwenda kwake, maana kitabu ni chake, naye akawamalizia kwa mdomo barazani. Na kwa vile mwisho wangu alikuwa ameusahau, au ndivyo asemavyo, akatia wa kwake: mume anarudi kutoka Oman na masanduku kumi, binti anayapokea moja moja, anayapanga ukumbini, anampikia biriani, anamwacha ale ashibe, kisha anamwambia, "Sasa yabebe." Nahodha akaongeza kwamba chombo cha kurudia kilipasuka. Mji mzima unaujua mwisho huo. Wanawake wanautania harusini. Mume akijigamba, huambiwa, "Sasa yabebe," na mimi nilikuwa nikicheka pamoja nao bila kujua kwamba ni riwaya yangu.

Nikasema haki itendeke. Jioni moja nikachukua nakala kutoka dukani, nikaenda barazani baada ya Isha, nikawasomea mwisho halisi. Binti anafika Mokowe alfajiri, anapanda basi, anaketi dirishani, basi linaondoka. Basi. Niliufanyia kazi miezi mitatu mwisho ule, ni mwisho wa wazi, unaachia msomaji nafasi.

Kimya. Paka alikohoa.

"Halafu?" akauliza hamali.

"Halafu ndiyo mwisho."

"Amekwenda wapi?"

"Hilo ni juu ya msomaji."

"Juu ya msomaji!" Nahodha akaruka kama aliyekalia mwiba wa samaki. "Nitoe shilingi mia sita, kisha nijimalizie mwenyewe?"

"Hukutoa hata senti," nikamwambia. "Umeazima."

"Na bado naona nimepunjwa."

Shangazi hakusema neno. Alikuwa akimenya chungwa, ganda linateremka refu bila kukatika, akilitazama hilo badala ya kunitazama mimi, na hapo nikajua nimeshindwa.

Wiki iliyofuata mchapishaji aliomba muhtasari wa riwaya ya pili. Nikakaa usiku mzima. Alfajiri nikaandika: mume anarudi kutoka Oman, masanduku kumi, biriani. Miezi kumi na minne ile ya zamani mnaikumbuka? Safari hii jibu lilikuja baada ya siku mbili. "Hapa sasa umekomaa," aliandika.

Sikumwambia mtu. Lakini mji huu kuta zake ni matumbawe, na matumbawe yana matundu. Leo asubuhi amekuja yule kijana wa majahazi, ameshika shilingi hamsini.

"Nipe inchi mbili, robo. Na shangazi asema, katika hizo asilimia kumi, zake ngapi?"

Nimempimia misumari nusu kilo, na hamsini yake nimemrudishia.