Maelezo yaseme pia kinapoharibika

Basi la Dar likiandikwa kuondoka 07:00, mama mdogo wangu hapa Chumbageni, Tanga, husoma saa saba. Hilo ndilo lililonisukuma kujifunza kuandika kiendelezi cha kivinjari, yaani programu ndogo inayoongezwa kwenye kivinjari: kikikuta 07:00 kwenye ukurasa, kiandike pembeni saa 1 asubuhi.

Kugeuza saa kulinichukua jioni moja. Kilichonila wiki mbili ni kitufe cha kuwashia. Kwangu kilifanya kazi. Mama mdogo alikiwasha, akaenda jikoni kugeuza samaki, kurudi anakuta kimezimika. Nikaketi naye, nikafungua dirisha la kuchunguzia msimbo, tukajaribu tena: kikawaka, kikadumu. Nikalifunga dirisha, kikazimika. "Mwanangu, kinakuonea haya," akasema.

Kumbe katika toleo la 3 la manifesti, faili linalokieleza kivinjari jinsi kiendelezi kilivyoundwa, msimbo wa nyuma (ule unaofanya kazi bila kuonekana) haukeshi. Ukikaa sekunde 30 bila kazi, kivinjari huuzima, na ulichokiweka kwenye kumbukumbu yake hupotea. Dirisha la uchunguzi likiwa wazi, hauzimwi. Ndiyo maana kila nilipolitazama kosa, halikuwepo! Dawa yake ni mistari miwili: chaguo la mtumiaji liandikwe kwenye storage.local, hifadhi ya kivinjari isiyofutika msimbo unapozimwa, kisha lisomwe humo kila msimbo unapoamka.

Sikatai, habari hizi zimeandikwa kwenye maelezo ya watengenezaji wa vivinjari. Lakini nilizikuta mbali na ukurasa unaofundisha kitufe, na mifano mingi niliyoifuata ilikuwa ya toleo la 2, ambako msimbo wa nyuma uliweza kubaki macho muda wote. Anayejifunza peke yake kwa bando la siku atajuaje aende kutafuta jambo ambalo hajui kama lipo? Kwangu mimi, maelezo yanayotaja majina ya amri bila kusema zinagoma lini hayajakamilika, hata yawe marefu namna gani. Mvuvi wa Deep Sea, pwani ya hapa Tanga, hampi kijana usukani kabla ya kumwonyesha mwamba unaofunikwa maji yakijaa. Na waandishi wa maelezo wanaijua miamba yao kuliko sisi.

Nami nimeanza na faili la maelezo ya kiendelezi changu mwenyewe. Juu kabisa nimeandika kwa Kiswahili habari ya zile sekunde 30, na jinsi ya kulifanya kosa litokee makusudi: funga dirisha la uchunguzi, subiri dakika moja, bonyeza tena. Vijana wawili ninaojifunza nao wameshalinakili.

Jana mama mdogo amekata tiketi ya saa 12 asubuhi bila kuniita.